Rimu za Kamanda

Kila Jumapili asubuhi Kamanda alipiga magoti uani mbele ya tairi la gari, na si kwa sababu ya ibada. Alikuwa na spana yake maalumu, ile yenye kipimo kinacholia "tik" bolti ikishakazwa vya kutosha, na simu kaiegemeza kwenye ndoo ili asome maelekezo. Alikaza bolti ya juu, akarukia ya chini, akaja ya kushoto, akaenda ya kulia, hivyo hivyo kwa kukatiza, mpaka akamaliza mduara mzima na kuhamia tairi la pili. Hakupenda kuharakishwa. Mkewe, ambaye kufikia saa hiyo alikuwa ameshatoa tanurini mikate ya mtaa mzima, alipita na trei na kumwangalia kama mtu anavyomwangalia mgonjwa asiyetaka dawa.

Jina la Kamanda hakulipata jeshini. Alipewa na kikundi chake. Humo mlikuwa na muuza vigae, wakala wa bima, mwenye duka la dawa na wengine wa namna hiyo, watu wa vitambi na viti vya kuzunguka, ambao kila mmoja alikuwa na pikapu ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, iliyoinuliwa juu mpaka mtu mfupi anahitaji stuli kupanda. Ukiwasikia wakiongea ungedhani wamekulia porini. Matope waliyoyajua wengi wao ni yale ya kwenye maegesho ya soko mvua ikinyesha, na hata hayo waliyapita kwa kukunja suruali.

Sasa hizo rimu. Tairi la kawaida hushikiliwa kwenye rimu na upepo wake lenyewe. Mtu anayepita kwenye mchanga mwingi hupunguza upepo ili tairi litandae lisizame, na upepo ukipungua mno tairi huweza kuchomoka kwenye rimu. Kwa hiyo watu wenye shida hiyo wakatengenezewa rimu yenye pete ya chuma upande wa nje, inayofungwa kwa bolti nyingi kuuzunguka ukingo wa tairi, ili tairi libanwe hata likibaki na upepo kiduchu. Wenyewe huziita bidiloki. Ni kitu cha maana kabisa kwa mtu anayeishi jangwani. Kamanda aliishi kando ya barabara ya lami, na gari lake lilibeba mikate.

Alizileta siku moja jioni akiwa anang'aa kuliko hizo rimu zenyewe. Rimu za zamani alikuwa ameshaziuza, na pesa iliyopungua aliichota kwenye ile aliyoiweka mkewe kwa ajili ya mashine ya kukandia unga. Alisema atairudisha. Mkewe, ambaye mtaa wote ulimwita Mama Tanuri, hakupiga kelele. Alirudi jikoni akaendelea kukanda kwa mikono, yeye upande huu wa meza na mdogo wake upande ule, na tangu siku hiyo alianza kumwita mumewe Kamanda kama wengine. Mwenyewe alidhani ni heshima.

"Hazijawahi kulegea," Kamanda alimwambia kila aliyepita Jumapili, hata asiyeuliza. "Wenzangu wamesoma kwamba bolti hizi hulegea kila baada ya safari. Zangu, hata moja. Ukifunga kitaalamu zinakaa."

*

Mama Tanuri alikuwa ameuza mikate kwa maduka ya mtaani kwa muda wa kutosha kujua kwamba duka halilipi, duka linaahidi. Kwa hiyo hospitali ilipotangaza inatafuta mtu wa kuleta mikate kila alfajiri, alipeleka sampuli, akarudi kuulizia, akasubiri kwenye benchi, akarudi tena. Wagonjwa hula kila siku. Hospitali ingelipa mwisho wa mwezi bila visingizio vya "leo hakukuwa na wateja". Angenunua mashine, na mdogo wake angeacha kulala na viganja vimefungwa vitambaa.

Mtunza bohari wa hospitali alikuwa mwanamume mwembamba aliyependa kuongea huku anaangalia mlango, kama anayemsubiri mtu wa maana zaidi. Alisema mkate umependwa. Alisema bei imekubalika. Kilichobaki ni cheti cha ukaguzi wa gari, kwa sababu hospitali haipokei chakula kutoka kwenye gari lisilokaguliwa, na cheti cha zamani kimekwisha muda wake.

"Mwambie mwenye gari alete kipya kabla Ijumaa haijaisha," alisema.

"Mwenye gari ni mimi."

Mtunza bohari alifunua karatasi zake, akaweka kidole juu ya jina. "Hapa ameandikwa mwanamume."

Angemweleza nini? Kwamba gari lilinunuliwa kwa pesa ya mikate, mkate mmoja mmoja, na kwamba siku ya kuliandikisha, tanuri lilikuwa na moto na mume hakuwa na kazi, kwa hiyo akaenda yeye? Alisema ndiyo, ni mume wangu, atakuja. Akawa ameshainuka mtunza bohari alipoongeza, bila kumwangalia, kwamba ameliona gari hilo hapo nje, na kama hizo rimu ni zile za pete ya bolti basi asijisumbue. Za namna hiyo haziruhusiwi kwenye barabara za watu. Shemeji yake walimrudisha getini pale kwenye ukaguzi, hata mlangoni hakufika. Na Ijumaa ikipita, lipo lile kampuni kubwa la mikate, lina magari mengi tu.

Mama Tanuri alitoka. Pale nje gari lilikuwa limeegeshwa likichukua nafasi ya magari mawili, na Kamanda alikuwa amejiegemeza kwenye boneti akimweleza mlinzi kazi ya pete.

*

Alimwambia njiani. Kamanda alisema ukaguzi ni wa watu wasiojua magari. Alimwambia tena wakati wa kula, akasema zitolewe, zitafutwe nyingine hata za mtumba mpaka cheti kipatikane. Kamanda aliweka kijiko chini. Alisema mkewe haelewi, kwamba kuna mambo ya kiume, kwamba akionekana na rimu za kawaida kikundi kitadhani ameishiwa.

"Umeishiwa," mkewe alisema. "Tena pesa yenyewe haikuwa yako."

Mdogo wake aliinuka na sahani akaenda kuosha, ingawa alikuwa hajamaliza kula. Alizoea kuondoka maneno yakifika hapo.

Jumatano Mama Tanuri alijikaza kisabuni, akajifunga khanga safi, akaenda kwa muuza vigae. Huyu ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa kikundi, na gari lake lilikuwa la aina ile ile, na rimu zake za kawaida, ambazo zingeingia bila tatizo. Alitaka aazimwe hizo rimu kwa nusu siku tu. Mwenyekiti alimkaribisha vizuri kupita kiasi. Alimkalisha kwenye kiti cha wateja, akamwagizia soda, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamwita karani wake, akamwita na wakala wa bima aliyekuwa duka la pili, akamwomba shemeji arudie ombi lake wote wasikie.

Akarudia. Mkate wa watu ulikuwa unamsubiri, akarudia. Wakala wa bima alicheka mpaka akakohoa. Mwenyekiti hakucheka. Alisema kwa huruma kubwa kwamba gari lake haliwezi kukaa juu ya mawe kama kuku anayeatamia, lakini amsalimie sana Kamanda, na amwambie kwamba wenzake hawakujua kwamba siku hizi anaagizwa na muuza mikate. Mama Tanuri aliiacha soda pale pale, haikuguswa.

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Kamanda alikuwa amesimama mlangoni, jicho jekundu, kidole hewani. Alisema ameaibishwa. Alisema bora angempiga kofi mbele za watu. Akazunguka meza ya kukandia akisema, na kila alipogeuka alipeperusha unga. Mama Tanuri alimtazama na kushangaa jinsi alivyokuwa hana hasira naye. Hasira huwekewa mtu anayestahili kukasirikiwa. Alichokuwa nacho ni dharau, tena dharau iliyotulia, ya kukaa nayo nyumba moja na kuipikia.

"Umemaliza?" aliuliza. "Keshokutwa tunaenda kwenye ukaguzi na hizo hizo. Utamwambia mkaguzi ni mapambo."

"Mapambo?"

"Zipo za mapambo. Zina bolti za uongo, hazifungi kitu, wanaziruhusu. Nimeuliza watu. Utasema zako ni za hizo."

Kamanda alimwangalia kana kwamba ameambiwa amkane mama yake mzazi. Ila Ijumaa ilikuwa inakuja, na mkate ndio uliokuwa ukimlisha yeye pia, na jambo hilo hata yeye alilijua.

*

Uwanja wa ukaguzi ulikuwa na foleni ya magari mpaka barabarani. Walikaa garini. Kila walipositishwa Mama Tanuri alisema, "Sema," na Kamanda alijibu, "Ni mapambo," kwa sauti ya mtoto anayelazimishwa kuomba radhi. Zamu yao ikafika, wakashuka.

Mkaguzi alikuwa mwanamume wa makamo mwenye buti za mpira na sura ya mtu aliyeona kila kitu tangu Jumatatu. Alijaribu breki, akawasha taa, akalala chini na tochi, akatoka. Akasimama mbele ya tairi la mbele. Kazi yote ya Mama Tanuri ilikuwa imesimama hapo, mbele ya buti za mtu asiyemjua.

"Ni mapambo," Kamanda alisema kabla hajaulizwa.

"Ndiyo, naona," mkaguzi alisema, akaandika. "Sogeza gari, mwingine aje."

Basi hapo palikuwa pa kuwasha gari na kuondoka. Mtu yeyote mwenye akili timamu angewasha gari. Mama Tanuri alikuwa ameshafungua mlango wake. Lakini Kamanda hakusogea. Aliitazama rimu, akamtazama mkaguzi, na uso wake ukabadilika, kwa sababu kuna namna mbili za kuaminiwa unapodanganya, kwa heshima na kwa dharau, na hii ilikuwa ile ya pili.

"Unaona vipi?" aliuliza.

"Naona vipi nini?"

"Kwamba ni mapambo. Umeonaje?"

"Si umesema mwenyewe?"

"Nimesema. Lakini wewe ni mkaguzi. Huwezi kuangalia mara moja tu ukajua." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Watu wanaojua hizi rimu hawawezi kusema hivyo."

Mama Tanuri alimwita. Alimwita kwa jina lake halisi, ambalo hakulitumia tangu rimu zije, na Kamanda hakusikia. Alikuwa ameanza kueleza. Alieleza pete, akaeleza ukingo, akaeleza mkazo wa kila bolti na utaratibu wa kukatiza. Alieleza kila kitu ambacho kingeweza kumnyima mkewe kazi, na akakieleza kwa ufasaha ambao hajawahi kuutumia kuomba kazi mwenyewe. Dereva wa nyuma alipiga honi. Mkaguzi alisikiliza akiwa amebana kalamu kwenye sikio.

"Umewahi kukuta hata moja imelegea?" aliuliza hatimaye.

"Hata siku moja," Kamanda alisema, kifua mbele.

"Za kweli hulegea."

Alichukua spana kwenye mfuko wa ovaroli, akachuchumaa, akafungua bolti moja. Ilitoka mara moja. Ilikuwa kichwa kikubwa cha kung'aa na kimkia kifupi, hakizidi kipande cha ncha ya kidole kidogo. Mkaguzi alimulika tundu kwa tochi ili mwenye gari aone. Ndani palikuwa na chuma kitupu, hakuna tundu la kupita, hakuna tairi lililobanwa, hakuna kilichoshikana na kitu. Pete na rimu vilikuwa kipande kimoja tangu kiwandani.

"Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, mzee wangu," alisema, tena bila ubaya. Akamwekea bolti kiganjani, akagonga muhuri kwenye cheti, akampa Mama Tanuri kwa sababu mkono wake ndio uliokuwa umenyooshwa. "Na ungekaa kimya ungekuwa umeshafika nyumbani."

*

Cheti kilipelekwa hospitali mchana ule ule. Mtunza bohari alikipokea akiangalia mlango, akasema mikate ianze Jumapili alfajiri. Mama Tanuri alishukuru mpaka na ukuta. Alipotoka nje alijisikia mwepesi, akataka kucheka, akataka kumweleza mtu, na mtu aliyekuwapo ni yule kwenye usukani, amekunja ngumi juu ya kibolti kama anayeficha peremende.

Walishika njia ya nyumbani. Kisha Kamanda akasema kwamba hawezi kurudi dukani alikozinunua rimu, maana mwenye duka ni ndugu wa Mwenyekiti na habari itazagaa. Akasema labda atafute za kweli, mwisho wa mwezi, hospitali ikilipa. Alisema hivyo. Hospitali haijaonja hata mkate mmoja, na yeye alishaila pesa yake kichwani. Kisha akasema, "Usimwambie mtu, mama. Nakuomba."

Mama Tanuri aliangalia dirishani. Jumapili zote zile alizopiga magoti, akikaza visivyofunga chochote kwa spana ya kipimo, zilimpita machoni, na alilazimika kuuma ndani ya shavu asicheke. Halafu hakuona kichekesho tena. Mikono ya mdogo wake ndiyo iliyolipia.

*

Jumamosi alasiri walikuja watu wa kikundi. Mtaa ulijua wanakuja kabla hawajaonekana, kwa honi. Magari yalijipanga mbele ya nyumba, yameoshwa kwa ajili ya kwenda kuchafuliwa, na wanaume wakashuka na kofia na miwani ya jua wakisalimiana kwa kupigana mabega. Nje ya mji kuna bonde kavu lenye mchanga, na siku hiyo Mwenyekiti alikuwa ameamua kwamba wataingia kweli. Alikuja na kipima upepo kipya shingoni, kama cha daktari.

Alisema watapunguza upepo mpaka mwisho kabisa, na kwa kuwa ni mmoja tu mwenye rimu zinazoweza kuhimili hilo, basi Kamanda atatangulia. Wenzake wakapiga makofi. Kamanda alitabasamu kwa meno tu. Ndipo wakala wa bima akauliza, akijifanya anatania, kama ni kweli kwamba siku hizi zimejaa za bandia, na kama Kamanda ana hakika na zake. Kamanda aliinama kuifuta pete ya rimu kwa kiganja.

"Tumuulize shemeji," Mwenyekiti alisema. "Shemeji hasemi uongo. Nasikia jana mmetoka kwenye ukaguzi. Eti, rimu za huyu bwana ni za kweli au ni za mapambo?"

Mama Tanuri alikuwa mlangoni na unga mpaka kwenye viwiko, akipanga trei za kwanza za hospitali. Wote walimgeukia. Alikumbuka soda ile na kiti cha wateja na jinsi alivyorudia ombi lake. Neno moja lilikuwa linamtosha kumlipa kila mtu pale. Lakini alimjua mumewe. Akiaibishwa leo, keshokutwa atakopa popote, atanunua za kweli, hata kama ni kwa kuuza tanuri, na gari halitaingia tena hospitali. Ilikuwa hesabu tu.

"Za kweli," alisema.

Kamanda alimtazama kwa macho yaliyojaa maji. Aliona mapenzi. Mama Tanuri alitambua kwamba mumewe ameona mapenzi, akageuza uso pembeni kwa kuchukizwa.

"Basi anza kushusha upepo," Mwenyekiti alisema. "Tuzoeshe tairi kabla hatujaondoka."

Hapo alijua amekosea hesabu. Rimu za kweli ni za kutumia. Alingoja mumewe aseme anaumwa kichwa, aseme spana imepotea, aseme chochote. Kamanda alichuchumaa kwenye tairi la mbele, akafungua kifuniko, akabonyeza. Upepo ukaanza kufoka. Alikuwa anajua kabisa kwamba kona ya kwanza mchangani tairi litachomoka kwenye rimu, kwamba gari litalala bondeni mpaka kesho, kwamba alfajiri wagonjwa watasubiri mkate. Alibonyeza tu, shingo imeinama, kwa sababu wanaume walikuwa wanamwangalia.

Mama Tanuri alishuka ngazi.

"Acha," alisema. "Gari lina kazi alfajiri. Haliendi popote."

Wanaume waliguna, kisha wakacheka, kwa kufurahi kweli, maana jambo lenyewe lilikuwa zuri kuliko mchanga. Mmoja alisema kumbe amri inatoka jikoni. Mwingine alisema Kamanda ana kamanda wake. Mwenyekiti aliinua mkono wanyamaze. Alijua kuchelewesha raha.

"Kamanda," alisema. "Sisi hatutaki kuingilia nyumba ya mtu. Tuambie tu. Hili gari la nani?"

Upepo uliendelea kufoka. Miaka yote hiyo jibu lilikuwa moja, langu, kwa sauti ya juu, mbele ya mkwe, mbele ya fundi, mbele ya askari wa barabarani. Mama Tanuri alisimama na unga mikononi, akasubiri kulisikia tena. Kamanda alilitazama tairi, akaitazama pete inayong'aa, na mtu angeweza kuona akipima aibu mbili kama anapima nyanya sokoni. Akaondoa kidole. Upepo ukanyamaza.

"La mke wangu," alisema. "Mwenye gari ni yeye. Akikataa, sina la kufanya."

Walicheka mpaka mtoto wa jirani akatoka kuangalia. Walimpigapiga mgongoni, wakamwonea huruma, wakapanda magari yao na kuondoka kwa vumbi na honi. Mama Tanuri alibaki palepale. Alikuwa amelitaka neno lile miaka mingi. Alidhani angelisikia siku moja mumewe akiwa amekua, akiwa ameketi, akimwangalia usoni. Limetoka kwa mtu aliyechuchumaa, kwa ajili ya kuficha vibolti, na bado lilimchoma kifuani kama angepewa kwa heshima. Alijichukia kwa hilo.

*

Jioni Kamanda alikuja jikoni. Alisimama karibu na meza, akaokota kipande cha unga mbichi, akakibiringisha vidoleni. Alimshukuru. Alisema hatasahau alivyomsitiri. Kisha akasema, akicheka kidogo, kwamba yale maneno ya gari aliyasema kuwatuliza tu wale, na yeye mwenyewe anaelewa.

Mama Tanuri hakuacha kukanda. "Jumatatu tunaenda kubadilisha jina kwenye hati," alisema.

"Hati gani?"

"Ya gari. Umesema mbele ya kikundi kizima."

"Mama, nimekuambia nilikuwa—"

"Ulikuwa unatania. Sawa. Nitamwendea Mwenyekiti nimwambie ulikuwa unatania. Ataniuliza ulitania kwa sababu gani, na mimi, unajua, shemeji hasemi uongo."

Mdogo wake, upande wa pili wa meza, safari hii hakuinuka kwenda kuosha vyombo. Alibaki, mikono yake ya vitambaa imezama kwenye unga, akimtazama shemeji yake waziwazi. Kamanda alimtazama mmoja, akamtazama wa pili. Kile kipande cha unga kilikuwa kimeshakuwa cheusi vidoleni mwake, na hakujua akiweke wapi.

"Na rimu?" aliuliza mwishowe, kwa sauti ndogo.

"Rimu ni zako," mkewe alisema. "Sasa kajaze tairi upepo, mkate unatoka saa kumi."

Akaenda. Walisikia pampu ikianza uani.